Siku Niliyokataa Kugeuka

Wapendwa, nimesimama. Niliwaambia viongozi wa kikundi kwamba leo sitaki kusema, wao wakaniwekea kiti cha mbele, sasa nijifiche wapi? Mkiona nalia, mtu asiniletee maji. Nitamaliza tu.

Jina alilonipa mama yangu ni Machozi. Wakongo wenzangu hamshangai, kwetu kuna watoto wanaitwa Mateso, Tabu, Riziki, kulingana na siku waliyozaliwa. Baba yangu alizikwa asubuhi, mimi nikazaliwa jioni yake. Shuleni walinicheka, nikazoea. Nikaolewa. Mimba mbili zikaharibika, na mume akafunga mizigo yake akisema hawezi kuishi na mtu ambaye kumwita tu ni kukaribisha msiba. Ndugu zangu, nawaambia, maneno yale niliamka nayo kila asubuhi kwa miaka mingi.

Vita vilipofika kijijini kwetu, tulikimbia mimi na mama. Barabarani watu walisukumana, risasi zikalia, mkono wake ukanitoka. Nilifika Kampala peke yangu. Nilimtafuta mpaka nikachoka. Mwaka wa tano nikamwekea matanga chumbani kwangu Nateete, mimi na majirani wawili, nikajiambia amekufa, basi.

Hapo ndipo nilipokutana na mhubiri mmoja. Simtaji, wala sikuja kumsema, maana miguu iliyonipeleka kwake ilikuwa yangu. Aliniuliza jina, nikamwambia. Akafumba macho. "Dada, adui yako hayuko mbali. Unatembea naye kwenye kitambulisho."

Wakati ule cherehani yangu haina kazi, tumbo halina mtoto, mama hana kaburi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ale udongo, atakuuliza udongo wa wapi. Nikaenda Wandegeya, kwenye vile vibanda vya kuchapa karatasi karibu na chuo, wakanichapia hati ya kubadili jina. Mwanasheria akanisomea, nikaapa, nikatia sahihi ya jina la zamani kwa mara ya mwisho. Kisha ofisi hii, ofisi ile, rudi Jumatatu, nyabo, yaani mama, mkubwa hayupo. Siku niliyopewa kitambulisho kimeandikwa Gloria, nililia mpaka askari wa mlangoni akaniuliza nani amefariki.

Mhubiri akanipa sharti moja. Niape mbele ya kanisa kwamba sitaitika tena jina la zamani. "Litakuita," alisema. "Litakuita hata kwa sauti ya mtu unayempenda. Ukigeuka tu, yote yanarudi." Nikaapa, na kanisa zima likanipigia makofi.

Jumamosi moja nikawa natoka kwenye kibanda changu sokoni, mzigo wa vitenge kichwani. Nyuma yangu nikasikia, "Machozi!" Nikatembea. "Machozi! We Machozi!" Sitawadanganya kwamba sikuijua sauti ile. Ndiyo iliyonibembeleza, ndiyo iliyonigombeza. Lakini mwenye sauti nilishamfanyia matanga, na nilishaambiwa itakuja hivyo hivyo. Nikaikemea kimoyomoyo. Ilipoita mara ya tatu, nikakaza mwendo. Nilifika nyumbani nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa kunipa ushindi.

Wewe mama wa pale, cheka tu. Yaliyobaki si ya kucheka.

Jumatatu, jirani yangu wa kibanda, Mkenya anayeuza viatu vya mitumba, akanisimulia kama kichekesho. "Gloria, kuna mama mzee alikuwa hapa Jumamosi, amesimama tu anakuangalia ukienda. Ati wewe ni msichana wake, ati Machozi. Nikamwambia, mama, umechanganya watu, huyo ni Gloria. Akaniuliza kama uko sawa. Nikamwambia uko sawa kabisa, una kazi, unakula vizuri. Akasema asante, akaenda zake."

"Alikuwaje, huyo mama?"

"Mdogo mdogo hivi. Mkono wa kushoto hana kidole cha mwisho."

Kidole kile kilikatwa na panga siku alipokuwa akinimenyea muwa. Nilipiga ukelele, watu wa soko wakadhani nimeibiwa.

Nilifunga cherehani wiki tano. Nilizunguka makanisa yote ya Wakongo niliyoyajua, nikipeleka tangazo lisomwe: Gloria, fundi wa Nateete, anamtafuta mama yake. Mnasikia ujinga wangu? Bado nilikiogopa kile kiapo. Nani angekuja kwa Gloria? Gloria ndiye aliyemwacha mama sokoni akiita. Nikaacha kula. Kuna asubuhi nilitoka nikiwa nimevaa kandambili za rangi mbili, nikamshika mwanamke nisiyemjua mkono wa kushoto kuhesabu vidole vyake.

Jumapili ya tano nilisimama kanisani, palepale nilipoapia. Nikasema, "Mimi ni Machozi. Mama yangu aliniita, nikakataa kugeuka. Kiapo changu nakivunja leo, na yote yarudi kama yanarudi." Mhubiri akaniambia niketi. Sikuketi. Mama mmoja akainuka nyuma kabisa. Yuko humu leo, anaangalia chini, hataki nimwangalie. Akasema, "Kwetu Kisugu tuko na mgeni, mama mzee wa kutoka Kongo. Ni kama amekataa chakula."

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka. Amekonda. Akaniangalia, akasema, "Karibu, Gloria."

Nikaanguka miguuni pake. Nikamweleza yote, mhubiri, hati, kiapo. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nililitambua sikio lako kwa nyuma," akasema. "Nilijua ni wewe. Nikaita mara tatu. Mara ya ine nikajizuia. Nikasema, ananisikia, ni vile tu hanitaki."

Tangu siku hiyo anaishi kwangu. Anakula, anafua, anawasalimu wateja. Ila mimi akawa ananiita Gloria, kwa adabu, kama mtu anavyomwita mwenye nyumba. Nilimwomba aniite jina langu. Akasema, "Hilo ulilikataa, mwanangu. Naogopa kuliita." Nikarudi Wandegeya kwa mwanasheria yule yule, akacheka, akaandika. Sasa karatasi zinasema Machozi Gloria. Nilimsomea mama. Akasema ni vizuri, na akaendelea na Gloria yake.

Nakushukuru, mama wa Kisugu. Namshukuru jirani yangu kwa kumwambia mama yangu kwamba nakula vizuri. Nawashukuru ninyi mliokuwa mkinipikia wakati sijui hata njaa ni nini. Na mwenye jina linalomuumiza, nawaambia, alibadilishe, sheria ipo na si dhambi. Ila asiape kutogeuka. Mtu akikuita, hata kwa jina unalolichukia, geuka kwanza uone ni nani.

Nilitaka kuishia hapo, lakini niwaambie la Jumanne. Nilikuwa nje nafua, mama yuko ndani amepitiwa na usingizi, maharage yako jikoni. Nikasikia ameshtuka, anapiga kelele, "Machozi! We Machozi, maharage yanaungua!"

Nilikimbia na povu mikononi. Yalikuwa yameungua kweli, meusi kabisa. Tuliyala yote.