Dakika Nne Kabla ya Daraja la Kyaka

Benchi letu liko Mirongo, mbele ya cherehani yangu, mahali ambapo Faisal huegesha jiko lake la kahawa kila alasiri. Nilipomzika mke wangu Teodora wakati wa Kwaresima, watu wa benchi hili walikaa nami wiki nzima bila kubishana siasa, na kwao huo ni mfungo mkubwa. Mungu awalipe. Jumamosi hii tulikuwa wanne, mbali na Faisal kwenye jiko lake. Msafiri, fundi saa, tunamwita Bunge kwa sababu hamalizi hoja bila kupiga benchi kofi. Deodatus ni Rada: kila habari yeye aliiona kabla haijafika. Wa nne ni Rwekaza, dereva wa basi la kutoka hapa Mwanza hadi mpakani Mutukula, ambaye kwetu ni Suka, jina wanaloitwa madereva wote. Siku hiyo Suka alikuja na barua ya kampuni yake, akaitupa juu ya kitambaa nilichokuwa nakata.

— Soma, Mzee Revo. Soma kwa sauti, wasikie.

Nilisoma polepole, maana ndivyo ninavyosoma. Kifaa cha kufuatilia mwendo kilichofungwa kwenye basi kimeonyesha kwamba kila safari Suka husimama dakika nne mahali pasipo kituo, kabla ya daraja la Kyaka. Anashukiwa kupakia kahawa ya magendo ya kwenda Uganda. Amesimamishwa kazi. Apeleke maelezo ya maandishi Jumatatu saa nne asubuhi, la sivyo atafukuzwa kwa kosa hilo hilo.

— Magendo! alisema Suka. Miaka ishirini na nane kwenye usukani, sijagonga hata mbuzi. Leo mimi ni mwizi wa kahawa!

— Hapo kuna mkono wa mtu, alisema Bunge, akapiga benchi. Tajiri mwenye mabasi ana mpwa wake. Mpwa anaitaka hiyo njia.

— Wewe unaona karibu, alisema Rada. Wenye magendo ni hao hao wa ofisini. Suka anasimama kwenye kona yao, anawafukuzia watu wao.

— Una ushahidi?

— Magendo yenye ushahidi si magendo, ni biashara.

— Mh, aliguna Faisal, akammiminia Rada kahawa.

— Na hicho kifaa, Rada akashusha sauti, mnajua kinaongea na nani? Na setilaiti. Setilaiti haina mpaka. Kampala wanajua basi la Suka lilipo kabla ya abiria wenyewe. Vita ya sabini na nane unafikiri waliianzaje? Walijua daraja lilipo!

— Daraja la Kyaka liko kwenye ramani ya darasa la nne, nilimwambia.

— Ndiyo hapo sasa! Nani aliwauzia ramani?

— Jamani, vita inarudi, alisema Bunge. Wallahi vita inarudi, wanapima barabara kwa mabasi.

Suka aliweka kikombe chini kwa nguvu hadi kahawa ikarukia barua.

— Vita mnaijua nyie? Bunge, sabini na nane ulikuwa wapi?

— Mkuyuni. Nanyonya.

— Basi nyamaza.

Habari za Suka tulikuwa tumezisikia vipande vipande kwa miaka, leo akazisema kwa mfululizo, kwa hasira. Alikuwa na miaka tisa. Kwao ni ng'ambo ya mto Kagera, upande ule askari wa Amin walikoingilia. Mama yake alikuwa mjamzito. Baba aliwatanguliza njiani, yeye akarudi kumchukua bibi. Mama akajifungua mtoto wa kike migombani, huku wakisikia mizinga. Walipofika mtoni daraja lilikuwa limeshavunjwa, wakavushwa kwa mtumbwi. Upande huu, siku ya nne tangu azaliwe, mtoto akafa. Mtu wasiyemjua akawaazima jembe, wakamzika pembeni ya barabara, wakaendelea kutembea.

— Halafu barabara ikapanuliwa, alisema Suka. Hakuna kaburi. Hakuna msalaba. Kuna lami! Nikipita pale bila kusimama, nimemkanyaga. Na basi zima la watu nyuma yangu. Hiyo ndiyo kahawa yao?

— Si uandike hivyo hivyo, nilimwambia.

— Nimwandikie meneja? Amweke mdogo wangu kwenye faili, katikati ya dizeli na breki? Siandiki.

— Na konda je? aliuliza Rada. Kwenye daftari la safari alikuwa anaandika mmesimama kwa nini?

Suka akatazama viatu vyake.

— Kukagua tairi.

— Kila safari?

— Nilimwagiza mimi. Sikutaka maswali.

— Miaka ishirini na nane, tairi, mahali pale pale! Bunge alishindwa kujizuia. Suka, hata mimi ningekuwa meneja ningesema ni kahawa.

— Rudia!

— Ningesema ni kahawa!

Walisimama wote wawili. Nikaweka mkasi katikati yao, si kwa ubaya, ndio niliokuwa nao mkononi.

— Kaeni. Hapa si stendi.

Wakati huo akafika mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, amevaa shati la sare ya kampuni ya Suka.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Namtafuta Baba Rwekaza. Naitwa Gladness. Ndiye niliyepewa basi lake.

— Mpwa huyo! alinong'ona Bunge.

— Kumbe wa kike, alisema Rada. Nilijua.

— Umefuata nini? aliuliza Suka. Funguo si unazo?

— Usinikasirikie, baba, nimepangiwa. Juzi nilitaka kupita pale Kyaka bila kusimama, abiria wakaanza kupiga kelele. Mama mmoja, Prudencia, akaja mbele: "Simama, hapa huwa tunasimama." Nikasimama. Wakashuka watu sita. Wanaume wakavua kofia.

— Nani aliwaambia? Mimi sijamwambia mtu.

— Hakuna aliyewaambia. Wanakuona kila safari umeshuka, kofia mkononi, umeinama. Mama Prudencia anasema, baba gani huyo anayelivulia tairi kofia? Wanajua pale kuna mtu. Jumatatu watakuja ofisini, saa hiyo uliyoitwa.

Suka alikaa. Akajifuta uso kwa kiganja, kisha akanigeukia kama anayegombana.

— Haya, andika, Mzee Revo! Andika: "Nasimama kabla ya daraja la Kyaka kwa sababu pale nimemzika mdogo wangu." Wasome wote. Wabandike hata ukutani.

Niliandika nyuma ya ile barua. Gladness akasubiri nimalize, akatoa karatasi ndogo mfukoni.

— Kuna hili moja, baba. Mama Prudencia anamwandikisha marehemu aombewe kwenye misa ya parokia yao, Jumapili ijayo. Anaitwa nani?

Bunge alimtazama Rada. Rada alitazama chini. Mimi nimefundisha watoto wa komunyo ya kwanza miaka thelathini, na jambo la kwanza ninalomuuliza kila mtoto ni jina. Suka sikuwahi kumuuliza jina la mdogo wake.

— Kwetu jina anatoa baba, alisema Suka. Mama alisema tumsubiri. Kila tulipopumzika alisema, yuko nyuma, anakuja.

— Akaja? aliuliza Gladness.

— Arobaini na saba! alipaza sauti, na watu waliokuwa wanapita wakageuka. Mwaka wa arobaini na saba huu, mama, na bado hajaja!

Gladness hakurudi nyuma. Aliendelea kushika karatasi yake.

— Basi Mama Prudencia nimwambieje?