Daraja la Hallowby na Magoti Yetu

Benchi la stesheni ya Hallowby halijui kunyamaza. Kila Jumanne wastaafu wanaojitolea kuendesha reli hii ya zamani huweka brashi chini, wakafungua chupa ya chai, wakabishana. Jumanne hiyo walikuwa na la kutazama: daraja la chuma la kuvukia reli, lililotolewa stesheni nyingine iliyofungwa, limesimama pale lilipokuwa la kwanza kabla halijapotea miaka hamsini nyuma. Bi Enid, mmoja wao, alilitazama. Juu ya lile la zamani, ndani ya moshi wa treni, ndipo marehemu mumewe Cyril alipomposa. Siku ya ufunguzi, wiki tano zijazo, alitaka kusimama tena palepale.

— Lile la kwanza alilibeba mkulima, avushie kondoo, alisema Bolti, ambaye hatembei bila bolti mfukoni.

— Kondoo gani wa kupanda ngazi? alicheka Profesa, mwalimu mstaafu wa darasa la tatu. Jeshi lililichukua. Liko chini ya ardhi mpaka leo.

— Daraja chini ya ardhi linavuka nini?

— Ndiyo siri yenyewe, bwana.

— Acheni zenu, alisema Enid. Liliuzwa Ajentina. Cyril alimjua aliyelipakia melini.

— Wiki iliyopita ulisema Cyril alimjua aliyelikata vipande, alisema Bolti.

— Cyril alijuana na watu wengi.

Hapo akafika Farzana na ndoo ya rangi. Ilikuwa siku yake ya kwanza kujitolea.

— Samahani, lifti itakaa wapi?

— Lifti? Profesa aliguna. Mwaka 1911, lile la kwanza lilipojengwa, hapa palikuwa na lifti? Tuliikataa kwa kura. Bi Enid alinyoosha mikono yote miwili.

— Sawa. Sasa kati yenu nani atapanda?

Magoti ya Bolti yote mawili ni ya bandia, ya hospitali. Profesa akienda chooni hupumzika njiani. Enid alihesabu vidato vya ngazi, thelathini na sita, akakumbuka nyonga yake, akaona haya, kisha akaumia kwelikweli. Alikuwa amejifungia mlango kwa mikono yake mwenyewe.

Akaweka kikombe chini, akachukua mkongojo.

— Bolti, nipe mkono. Leo kidato kimoja, kesho viwili. Mpaka siku yenyewe nitakuwa nimezoea.

— Haya, tuseme umefika juu, alisema Bolti. Utashukaje, mama?

— Nani kakwambia nitashuka?