Ermelinda Francisco na Sauti Zilizocheleweshwa Njiani

Ndugu waombolezaji, familia ya mzee Francisco na mama Rosalina imenituma mimi Orlando, kitinda mimba wao, niwasomee maisha ya dada yangu, na imetaka yasomwe yote, hata yale yanayotia kinyaa.

Ermelinda alizaliwa tarehe 14 Machi 1978, katika kijiji cha Pundanhar, huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, akiwa mtoto wa tatu, na vita vilipozidi mwaka 1986 alivushwa mto Ruvuma pamoja na shangazi yake, akasoma shule ya msingi upande wa Mtwara. Alirejea mwaka 1993, akamaliza sekondari Mocímboa da Praia, kisha akasomea ufundi wa redio na simu huko Nampula, alikohitimu tarehe 30 Novemba 2000, mwanamke pekee darasani.

Mwaka 2001 aliajiriwa hapa Palma kutengeneza redio za zahanati, na tarehe 8 Novemba 2003 alifunga ndoa na mwalimu Jerónimo, wakajaliwa Cleide mwaka 2005 na Cosme mwaka 2008.

Gesi ilipogunduliwa baharini, waya wa mtandao ulichimbiwa katikati ya mihogo yetu hadi kambi ya wageni wa gesi, lakini vijijini hatukuachiwa hata tawi moja, tukapata mnara tu wa kampuni ya simu. Ermelinda hakulalamika, alichukua kompyuta kuukuu, na Juni 2012 akaanzisha huduma ya Sauti ya Mama, ambapo mjamzito wa Nhica au Pundanhar, hata asiyejua kusoma, alirekodi maneno yake kwenye simu, yakamfikia mkunga Awa wa zahanati papo hapo, naye akatuma pikipiki. Kwa miezi minane wanawake arobaini na mmoja walifikishwa zahanati salama.

Februari 2013 kampuni ile ilitangaza kwamba kurasa zake yenyewe ni bure, za wengine, Sauti ya Mama ikiwamo, zikasukumwa nyuma ya foleni, isipokuwa za waliolipia njia ya haraka, na sheria ya kuwazuia haikuwapo. Tarehe 19 Juni, asubuhi, Hafsa wa Nhica alirekodi kwamba chupa imepasuka na mtoto haji. Sauti ile ilifika kesho yake, mtoto ameshazikwa. Ermelinda aliisikiliza mpaka mwisho, akatoka uani, akatapika.

Alisafiri hadi mji wa Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, kumwona meneja wa kampuni, ambaye alimkaribisha kwa tabasamu na soda baridi.

“Dona Ermelinda, hatujafunga chochote, tumepunguza kasi tu,” alimwambia, akimwita Bibi kwa Kireno. “Tupe huduma yako, tuiweke kwenye ukurasa wetu, itakuwa bure. Mama atasikiliza tangazo letu kidogo, halafu atasema shida yake.”

“Mwanamke mwenye uchungu asikilize tangazo?”

“Sekunde kumi na tano tu, Dona.”

Aliinuka bila kuigusa soda, na njia nzima ya kurudi alikuwa akijifuta kwenye kanga mkono aliompa meneja. Ofisi ya serikali inayotoa leseni za simu ilimjibu kwamba huo ni uhuru wa biashara, na Oktoba kampuni ikazindua huduma yake, ikaiita Mama Sauti, yenye wimbo mzuri na isiyo na mkunga yeyote upande wa pili.

Hapo aliwafundisha wanawake kumbipu Awa, mara moja maana yake uchungu umeanza, mara mbili damu, mara tatu mtoto amekwama, na wengi walipona. Lakini yeye jambo hilo liliendelea kumkera rohoni, kwani alijua mtambo wake ungeweza kusikia mengi zaidi, na alijua vijana mafundi waliokuwa wakijifunza kwake wameona yaliyompata, wakaenda kuomba kazi ya ulinzi kambini.

Machi 2014 alionekana na uvimbe wa titi, akatibiwa Pemba na Nampula, na tarehe 2 Septemba 2015, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani, akiwa na miaka thelathini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia, mkunga Awa na wafanyakazi wenzake wote, na Hafsa, aliyetembea siku mbili kufika hapa. Kampuni ya simu imeleta shada la maua leo asubuhi, lenye nembo yao na maneno “Mama wa Ubunifu”. Mwalimu Jerónimo amelitoa nje kwa mikono yake mwenyewe, akalirudisha garini mwao, akanawa.

Pumzika, dada, kwa amani, sisi hatutanyamaza.