Mwaka Mzima wa Tarumbeta Bubu

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Na nyie mliokaa kule nyuma karibu na mlango, nawaona, leo hakuna kutoroka.

Mwenyekiti wa mtaa amenipa dakika kumi kwenye mkutano huu. Mimi ni mpiga tarumbeta, nikishavuta pumzi siachii haraka, kwa hiyo mnivumilie. Majina ya watu sitayataja. Mtu akijisikia yumo, anyamaze tu.

Wengi hapa Mafiga mmeisikia albamu yetu, ile ya laivu, tuliyorekodi ukumbini Kihonda watu wakiwa wanacheza. Inapigwa saluni, inapigwa kwa wauza chipsi, juzi nimeikuta hata kwa kinyozi. Bendi yetu ni jazz ya kizamani: magitaa, ngoma, tarumbeta mbili. Mimi nilikuwa tarumbeta ya kwanza. Na nawaambia bila kuona haya, nilikuwa hatari. Nikisimama mimi, hata waliokuja kunywa soda tu wanaacha chupa mezani wanakwenda kucheza.

Sasa ndugu zangu, sukari hainaga heshima na mtu. Daktari aliponiambia ninayo, nihudhurie kliniki, nimeze vidonge, nikaitikia "ndiyo daktari, sawa daktari". Nilipofika nyumbani nikavichimbia vile vidonge ndani ya kasha la tarumbeta, chini ya kitambaa, sikumwambia mtu. Niliogopa kuitwa mgonjwa. Nilishawaona wenzangu kwenye bendi wakiambiwa "mzee, pumzika kidogo", wakapumzika moja kwa moja. Nikasema mimi hawanipati. Nikaendelea na soda zangu jukwaani, za baridi, mbili mbili.

Ufizi ukaanza. Ukavimba, ukatoa damu, maumivu mpaka kwenye sikio. Mke wangu ni mtu wa Kinole, kule milimani, anateremsha viungo vya kwao anauza sokoni. Nikawa nachota karafuu zake, nazibana kwenye jino linalouma. Kiroba kinapungua, mama wa watu anategea panya. Siku moja akaniuliza, "Baba, panya gani huyu anakula karafuu anaacha karanga?" Nikamwambia, "Panya wa siku hizi wamebadilika, mama." Msicheke jamani, ndivyo nilivyomjibu.

Meno ya mbele, ya juu, yakaanza kutoka. La kwanza nikasema nimeteleza bafuni. La pili nikasema bafuni tena. Lilipotoka la nne, jirani akauliza kwa nini tusilibomoe hilo bafu. Nikamtafuta fundi wa mtaani akanitengenezea meno ya bandia. Kwa kucheka yanafaa. Kwa tarumbeta, hapana. Mdomo wa juu unataka kuegemea jino lililosimama imara, na yangu yalikuwa yanacheza. Napuliza, inatoka hewa tu, fyuuu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo la aibu kuliko yote. Nikaanza kuigiza. Nasimama mbele, mashavu yamejaa, mishipa ya shingo imetoka, vidole vinakimbia, na sauti hainitoki hata chembe. Mwenzangu wa tarumbeta ya pili alikuwa pembeni yangu, na yeye ana pumzi ya askari, alikulia kwenye bendi za gwaride. Sauti yake ikatosha ukumbi mzima. Watu wanashangilia, wanakuja kunituza, wananibandika noti kwenye kipaji cha uso. Mimi! Natuzwa kwa jasho la mwenzangu. Nilikuwa nikifika nyumbani nashindwa kula. Mwaka mzima hivyo.

Basi, kiongozi wa bendi akatutangazia kwamba tunarekodi albamu, laivu, tuache kitu duniani kabla hatujaisha. Wenzangu wakaruka kwa furaha. Mimi nikafurahi zaidi yao, kwa ujinga wangu, maana nilijua laivu ni vurugu, kelele, nani atajua nani kapuliza?

Akaja fundi mitambo kutoka Dar. Ilikuwa saa nne asubuhi, ukumbi mtupu. Akatoa maiki, moja, nyingine, nyingine. Nikauliza, "Zote hizo za nini?" Akasema, "Kila chombo na maiki yake, mzee. Nitasikia kila mmoja peke yake." Wallahi, nikaangalia mlango uko wapi.

Gitaa likajaribiwa. Ngoma zikajaribiwa. "Tarumbeta ya kwanza, peke yake." Nikakohoa. Nikafuta tarumbeta. Nikafuta tena. Akaniita mara ya pili. Nikasema liwalo na liwe, nikavuta pumzi, nikapuliza kwa nguvu zote nilizojaliwa, na yale meno yakachomoka yakaanguka jukwaani mbele ya kila mtu. Ka!

Hakuna aliyecheka. Ningeomba wacheke. Kiongozi akayatazama meno, akanitazama mimi. "Tangu lini?" Nikasema, "Mwaka." Akapandwa na hasira, haki yake. Akasema nimewafanya wote waongo, na kwenye albamu hii simo, nifungashe. Nikainama kuokota meno yangu. Nilikuwa nalia, sifichi, mtu mzima na mvi zangu.

Ndipo tarumbeta ya pili akasema, "Huyu akitoka, na mimi natoka." Nikashangaa, nikamuuliza, "Ulikuwa unajua?" Akanijia juu! "Nisijue vipi? Mwaka mzima napuliza za watu wawili, kifua kinaniuma. Nilikuwa nakusubiri useme. Kila Jumamosi nasema leo atasema. Mbona ulinidharau hivyo?" Jamani, hilo neno lilinichoma. Mimi nilidhani namficha, kumbe namdharau.

Nikasema yote pale pale. Sukari, vidonge, karafuu, bafu. Wakakaa wakashauriana, fundi mitambo akaambiwa arudi baada ya miezi minne. Nami nikapewa sharti: kliniki kwanza, tarumbeta baadaye.

Nyumbani nilimwambia mke wangu jioni ile ile. Akakaa chini sakafuni. Akasema, "Kwa hiyo ungekufa, mimi ningebaki nategea panya?" Akalia, nami nikalia. Kesho yake alfajiri alinishika mkono mpaka kliniki, muuguzi akanisema mpaka nikatamani kurudi tumboni kwa mama. Soda nikaacha. Daktari wa meno wa kweli akanitengenezea mengine, yakakaa imara.

Kupuliza nikaanza upya, noti moja, ya chini, ndefu, kila asubuhi uani. Majirani walinivumilia. Mmoja tu aliniuliza kwa upole kama ni tarumbeta au ng'ombe anazaa.

Noti za juu hazikurudi, na hazitarudi. Nikamwambia mwenzangu, "Ya kwanza ni yako, mimi nishuke ya pili." Akakataa, nikamlazimisha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana, ukumbi umefurika mpaka madirishani. Wimbo wa nne kiongozi akaninyooshea kidole, bila kuniambia kabla, nipige kipande changu peke yangu. Nikapiga chini chini, taratibu. Katikati noti moja ikanikatikia, kraa! Nikaishika nyingine nikaendelea. Na humo ndani ya albamu, mkisikiliza vizuri, mtasikia mwanamke anapiga kelele, "Ni yeye mwenyewe! Ni yeye mwenyewe!" Huyo ni mke wangu. Fundi mitambo alitaka kuifuta noti ile na sauti ile. Kiongozi akamwambia, "Ukizifuta hizo, futa na jina la bendi."

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, yupo pale anajifanya hanijui. Nawashukuru kiongozi wangu, muuguzi wa kliniki na majirani zangu. Mwenzangu wa tarumbeta sina la kumlipa, namuombea kifua.

Ndugu zangu, najua kuna mtu hapa ana vidonge mahali ambapo nyumbani kwake hawajui. Sikutazami. Ukitoka hapa, mwambie mtu mmoja, leo, kabla ya chakula cha jioni. Mimi nilichelewa meno manne. Wewe usichelewe hata moja.