Kitabu ya Kijana wa Cyber

Basi ilikuwa imekwama Ngong Road, na mama wa seat ya mbele alikuwa amepigia kijana wa cyber huko Ngara mara sita. Interview yake ni kesho asubuhi na hajui ni ofisi gani, juu barua iko kwa email yenye huyo kijana alimfungulia, na password iko kwa kitabu yake.

"Mama, email ni yako, password anakuwekea mwingine?" mzee wa kando akauliza. "Yangu iko ukutani sitting room, kwa kalenda ya kanisa."

"Na wageni wakisoma?"

"Wageni wangu wameokoka."

Niliangalia dirisha ndio nisicheke.

Mara kijana akashika simu. Mama akaweka loudspeaker. "Ni Caren! Nipe password yangu!"

"Caren mgani? Hapa niko na Caren tisa."

"Hukuandika jina ya pili?"

"Nafasi ilikuwa kidogo, mathe."

"Basi soma zote, nijaribu moja moja!"

"Mama, watu wanasikia," mzee akasema.

"Kwani interview ni yao?"

Kijana akaanza kusoma, na basi yote ikategea sikio. Nilishuka stage ya Woodley kijana akiwa kwa Caren wa nne.