Mabati Yangu Hayatauza Pombe

Bwana asifiwe, watu wa Mowlem! Hapana, hiyo ni sauti ya watu waliolala njaa. Asifiwe tena! Mimi ni Mama Nekesa, yule wa supu ya vichwa vya mbuzi pale stendi. Leo sikuja kulia. Nimekuja kumtia shetani aibu!

Ndugu zangu, baba ya watoto wangu aliuawa na pombe. Alikuwa mtu wa reli, tukikaa vizuri Makongeni kwenye nyumba ya kazi. Alipozikwa, nyumba ikarudi kwa wenyewe, nikatoka na watoto na sufuria. Kibanda changu cha mabati kikawa ndicho shamba langu. Kikienda, watoto wanalala njaa.

Siku moja akaja kijana wa matangazo, tai shingoni, wapaka rangi nyuma yake. Kazi yake ilikuwa kuchagua mahali tangazo litakaa. Alisimama stendi akitazama watu wakishuka wanageuza shingo wapi. Wanageukia kwangu, kwa harufu ya supu! Akaniambia, "Mama, macho yote yanapita hapa. Tutakupakia rangi bure, chupa kubwa ya bia mpaka juu."

Bure! Vibanda vyote vya mstari wetu vilikubali, vikang'aa kama sare za shule siku ya kufungua. Mimi nikamwambia, "Macho ni ya watu, mabati ni yangu. Chupa iliyomzika baba yao haitawaamkia watoto wangu kila asubuhi."

Jamani, nilichekwa! Wateja wakahamia penye rangi, supu ikawa inabaki. Jirani yangu Mama Akinyi, tena rafiki yangu, akaniambia, "Wokovu hauchemshi sufuria, Mama Nekesa. Kubali tu." Nikamlilia Mungu, na si kwa upole! Nikasema, Baba, nishike, kwa maana rangi sipaki!

Ndugu zangu, Mungu si Athumani. Kumbe tangazo la barabarani lazima lilipiwe kibali kwa kanjo, wale wa baraza la jiji, na yule kijana hakulipa. Sisi wa vibanda tungejuaje? Tulidhani rangi ni rangi tu. Asubuhi moja lori likaja, askari wa kanjo wakashuka na nyundo. Kibanda chenye chupa, chini! Kingine, chini! Walipofika kwangu nilikuwa nimeziba mlango kwa mwili wangu. Mkubwa wao akazunguka kibanda, akaona kutu tupu, akapita.

Akapita! Haleluya!

Sikumcheka mtu. Mama Akinyi alikuwa ameketi juu ya mabati yaliyokunjika, sufuria mapajani. Nikamwita, nikawaita na wengine, tukapika kwangu sote, tukigombania jiko.

Yule kijana hana haya. Akarudi! Sasa kibanda changu ndicho pekee kilichobaki machoni pa stendi, kwa hivyo akataka kunilipa, na eti kibali atakileta. Kabla sijafungua mdomo, Mama Akinyi aliinuka na mwiko mkononi. "Hapa hakuna mahali pako!" Kijana alitafuta njia, tai begani.

Namshukuru Mungu wa wajane. Na wewe unayebembelezwa leo uuze kile kilichokuumiza, kataa! Utachekwa, ndiyo. Mtegemee Yesu, usimame mlangoni pako. Na kama wamekubomolea, dada yangu, njoo na sufuria yako. Jiko langu bado lina nafasi.