Kuni za Mlangoni kwa Mwaija

Wasikilizaji wapendwa, mambo yaliharibika Jumapili, tarehe kumi na tano Agosti, mwaka 1976. Siku hiyo Mbaruku alikuwa amesimama mbele ya duka la kijiji cha Kwemvumo, wilayani Handeni. Mikono ameifunga nyuma. Anasikiliza redio. Redio ilikuwa inasoma hadithi ya mke wake.

Hadithi yenyewe alikuwa hajaisikia hata mara moja. Mke ni wake, nyumba ni yake, na mafuta ya taa iliyoandikiwa alinunua yeye. Lakini hadithi aliisikia siku ile ile pamoja na watu waliokuja kununua chumvi.

Mke huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Ni marehemu Mwaija Mhina, mwandishi wa riwaya. Tunarudia: Mwaija Mhina, mzaliwa wa Magoma, Korogwe, aliyeolewa Handeni. Alitutoka Februari 1979, akiacha riwaya mbili, mume mmoja na binti mmoja, Fatu. Mengi mtakayosikia yametoka kinywani mwa mumewe, Mzee Mbaruku, ambaye shule aliiona kwa nje tu. Alituomba jambo moja. Alisema, "Msinilainishie. Wakubwa wameshalainishiwa vya kutosha."

Basi turudi dukani, Jumapili ile.

Msomaji wa redio alianza na mwanamke anayebishana bei na kuku wake mwenyewe. Hajira, muuza vyungu, akaruka. "Jamani, huyo mimi! Kuku wangu huyo, yule kishingo!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Akafuata fundi mwenye kikohozi cha kujidai. Hapo Stefano, fundi baiskeli, akakohoa, akajishika mdomo. Kisha akaingia kijana mtanashati wa ofisini, meno meupe, anapiga mluzi akitembea. Kila mtu akageuka kumtazama Ponsiano, katibu kata. Ponsiano akatabasamu, akaonyesha meno yale yale.

Mbaruku akangoja zamu yake. Badala yake akaingia mbuzi. Beberu la pembe moja, linalokula majani ya paa. Lilikuwa beberu lake.

"Shemeji!" Stefano akapiga kelele. "Mbuzi wako kakupita cheo! Kaingia redioni, wewe umebaki nje unamchunga!"

Watu walicheka hata usomaji uliofuata hawakuusikia. Mbaruku naye hakuusikia. Kumbukeni hilo, wasikilizaji, tutalirudia.

Mwaija mwenyewe hakwenda dukani. Alikuwa jikoni anasonga ugali. Mbaruku alipofika hakukaa.

"Mbuzi yumo," akasema.

"Yumo."

"Hajira yumo na kuku wake."

"Wamo wote wawili."

"Na yule Ponsiano wako yumo, anapiga mluzi."

"Ponsiano si wangu. Ni wa kata."

"Na mimi niko wapi?"

Mwaija alipuliza moto, akafuta macho kwa pindo la khanga. "Wewe nimekubakiza nyumbani," akasema.

Mbaruku hakula ule ugali. Alitwambia, "Anayebakizwa nyumbani ni mbwa." Tangu siku hiyo wivu uliingia ndani mwake ukatandika kitanda.

Wasikilizaji wapendwa, ili muelewe wivu huo, lazima mjue Mwaija aliandikaje.

Alisoma mpaka darasa la nne, kule Magoma. Mama yake, Bibi Mashavu, yuko hai bado, na aliposikia tumekuja kwa ajili ya binti yake alicheka kwanza, ndipo akalia. "Mwanangu alikuwa na masikio marefu tangu mdogo," alisema. "Nikimtuma kisimani, anarudi na maji nusu ndoo, maneno ndoo tele."

Na kweli, kisima ndicho kilichokuwa shule yake. Kisimani Mwaija alikuwa wa mwisho siku zote. Anawaambia wenzake, "Tangulia, dada, mimi sina haraka." Wakamsifu kwa adabu. Kumbe anakaa juu ya ndoo yake anasikiliza nani amegombana na mawifi, nani amenuniwa. Mtu akisema neno zuri, anamwambia, "Rudia hapo." Akienda kwa mama yake wakati wa kuvuna mpunga, anajipanga kati ya wanawake wanaosema sana. Akipita Mazinde, anakaa kando ya njia ya wakata mkonge, anakula muwa taratibu, masikio yako kazini.

Nyumbani aliandika akiwa amekalia kinu kilichopinduliwa, nyuma ya jiko. Kalamu aliifunga kwenye pindo la khanga, pale wengine wanapofunga senti. Karatasi zilikuwa za mifuko ya saruji, kazikata kwa kisu. Hakuandika wakati wote. Anaandika maneno machache, anakwenda kukoroga mboga, anarudi. Mbaruku alikuwa akimwona midomo inamcheza, anacheka peke yake, na akiuliza, "Kuna nini?" anajibiwa, "Hamna."

Hiyo hamna ilimuuma. Wengine wote wanaambiwa "rudia hapo." Yeye hakuambiwa hata siku moja.

Hapo zamani mambo hayakuwa mabaya sana. Walikuwa wanakaa kwenye boma lao la zamani, na kuni zilikuwa nyuma ya nyumba. Mwaka 1974 wakaja watu wa Operesheni Vijiji na gari na orodha ya majina. Wote wakahamishiwa Kwemvumo, kando ya barabara. Mbaruku hasemi ujamaa ulikuwa mbaya. Anasema waliopanga hawakuwahi kupika. Ukizikusanya kaya nyingi vile mahali pamoja, wote wanapika, na miti haikimbilii jikoni. Haukupita mwaka, kuni za karibu ziliisha. Wanawake wakawa wanatoka asubuhi na kurudi jua la utosi. Mwaija akawa anarudi na mtita kichwani, kalamu hawezi tena kuishika. Kinu kikarudi kuwa kinu.

Ponsiano aliliona hilo. Yeye ndiye aliyekuwa anamletea Mwaija karatasi nyeupe kutoka Korogwe, kwa Land Rover ya ofisi. Yeye pia ndiye aliyekuwa wa kwanza kusoma kila sura, maana alisema lazima ofisi ipitie. Aliwahi kumwagiza atie trekta ndani ya hadithi. Mwaija akatia trekta. Haikuwaka tangu mwanzo wa kitabu hadi mwisho.

Siku moja mkutanoni Ponsiano akasimama, akasema, "Mwandishi wetu ni hazina ya kijiji. Kuanzia leo asihangaike na kuni. Kijiji kitamletea!" Makofi. Vigelegele. Katibu wa kijiji akaandika.

Hakuletewa hata kijiti.

Mbaruku alingoja. Alipoona mke wake bado anaondoka na kamba asubuhi, alichukua shoka. Lakini jamani, tusidanganyane. Mwanamume kubeba kuni za jikoni, Handeni ile, wangemtungia wimbo. Stefano angeuimba mpaka Mombo. Basi Mbaruku alilificha shoka kichakani, kwenye njia ya kwenda msikitini. Anatoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, anachanja migunga kule bondeni, anaweka kuni mlangoni pa jiko, halafu ndipo anakwenda kuswali. Mwaija akiamka, kuni zipo, mume hayupo. Hakumwambia. Wala yeye hakuuliza.

Kinu kikapinduliwa tena. Riwaya ya kwanza iliandikwa kwa kuni hizo. Tunarudia, kwa sababu hili halijasemwa popote: riwaya ya kwanza ya Mwaija Mhina iliandikwa kwa kuni za mumewe.

Mkutano uliofuata, Mwaija aliombwa aseme neno. Alisimama, macho chini, akasema, "Nawashukuru wanaoniletea kuni." Akakaa.

Ponsiano akainamisha kichwa, kama mtu aliyepewa zawadi. Akaipokea.

Mbaruku alikuwa nyuma kabisa, ameegemea nguzo. Mdomo aliufungua. Akamwona Stefano. Akaufunga. Wanaoniletea! Alitwambia neno hilo lilimchoma kuliko moto. "Ningemshika mtu ndani ya nyumba yangu," alisema, "ningejua la kufanya. Sasa nimshike nani? Kuni ni zangu, asante imekwenda ofisini."

Ndiyo maana, wasikilizaji, Jumapili ile ya redio aliposikia Ponsiano yumo, na mbuzi yumo, na yeye hayumo, alijua jibu amelipata: moyo wa mke wake uko ofisini. Alikasirika miezi na miezi. Akawa anamsema mke wake kwa karatasi, kwa kalamu, kwa wale wasikilizaji asiowajua wanaomjua mke wake. Mwaija alipofungua darasa la watu wazima, nusu ya kijiji ilikwenda. Stefano alijifunza kuandika jina lake. Mbaruku akagoma. "Nikae kwenye mkeka na Hajira, mke wangu aniambie niseme a, e, i? Siendi."

Lakini kila alfajiri shoka lilifanya kazi. Hasira zilikuwa mdomoni tu, mikononi hazikufika.

Februari 1979 Mwaija alishikwa na homa. Zahanati sindano hakuna. Mbaruku alikwenda ofisini kuomba gari. Aliambiwa Land Rover imekwenda Korogwe kuchukua wageni wa mkutano. Ile ile iliyokuwa inaleta karatasi. Akampakia mke wake kwenye baiskeli ya Stefano, wakaanza njia ya kwenda mjini Handeni, Stefano anashika nyuma. Hawakufika.

Mazishini Ponsiano alihutubia. Alisema, "Kijiji hiki kilimbebea kuni mpaka akaandika." Watu waliitikia kwa vichwa. Mbaruku alikuwa safu ya pili. Safu ya kwanza walikaa wageni, maana gari lilikuwa limesharudi.

Baada ya arobaini, Fatu alianza kumsomea baba yake vitabu. Anasoma yeye, baba anasuka kamba. Walipofika kwa lile beberu la pembe moja, Mbaruku akasema, "Ruka hapo." Fatu hakuruka. Akasoma yaliyofuata, yale yaliyosomwa redioni Jumapili ile watu wakiwa bado wanamcheka mbuzi:

"Alfajiri akafungua mlango wa jiko. Kuni zilikuwepo. Alimjua aliyezileta, akanyamaza."

Mbaruku akaacha kusuka.

Fatu akachukua kitabu cha pili. Humo mna mwanamke mwingine, nyumba nyingine, kijiji kingine. Na humo pia, alfajiri, mlango unafunguliwa. Kuni zilikuwepo. Alimjua aliyezileta, akanyamaza.

"Baba," Fatu akauliza, "huyu anayeleta kuni ni nani?"

Mbaruku alitoka nje, akajifanya anamfunga mbuzi. Aliporudi alimweleza binti yake yote: shoka, kichaka, migunga. Hakuwahi kumweleza mtu mwingine kabla ya hapo.

Fatu alicheka huku machozi yanamtoka. "Mama hakuwa kipofu, baba. Ulikuwa unarudi msikitini na maganda ya mti kwenye kofia."

"Basi mbona aliwashukuru wao mkutanoni?"

Swali hilo Fatu alitukabidhi sisi. Tukamtafuta Ponsiano. Siku hizi amepandishwa cheo, yuko mbali na Kwemvumo. Tulimuuliza nani alikuwa anampelekea Mwaija Mhina kuni. Akatazama dari kidogo, akasema, "Kijiji kilitimiza wajibu wake." Tukamuuliza kama Mwaija aliwahi kumshukuru faraghani. Akaonyesha meno yale.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mzee Mbaruku. Tunampa pole Fatu, na Bibi Mashavu kule Magoma, na wote waliocheka na kujiona ndani ya vitabu vya Mwaija. Mola amlaze pema. Ninyi mlio na vitabu, na ninyi mlio na ofisi, leo mkila chakula kilichopikwa, tazameni kwanza chini ya chungu mjiulize kuni zimetoka wapi.

Tulipoaga, Mzee Mbaruku alitusindikiza mpaka barabarani. Kwenye kofia yake kulikuwa na ganda la mgunga. Bado anachanja, sasa anampelekea Fatu, tena mchana kweupe, na Stefano hajatunga wimbo wowote. Alitushika mkono, hakuuachia haraka. Alisema vitabu vinasomwa na watu wengi wenye akili, labda mmoja wao anajua, na kama anajua, aandike barua hapa redioni, Fatu atamsomea. Swali lake ni hili moja:

Mwaija alijua kuwa ni mimi?